Katalitiki ya Mwalimu Penina

Jumatatu, 5 Februari 2024

Mwalimu Penina kaleta Premio yake gereji leo. Rafiki yangu wa kwaya! Nimenyoosha mkono nipokee funguo — kanipita. Kauliza, Ajok yuko wapi, yule wa mashine?

Yule wa mashine! Mimi nina miaka saba kwenye gereji hii ya Hai Jalaba, Juba. Ajok ana miezi miwili. Kalelewa Nakuru, karudi kwao Juba na kimashine cha kusoma kompyuta ya gari, sasa kila mteja ni Ajok, Ajok. Gari halina nguvu na linanuka mayai viza. Kulitengeneza ilikuwa kazi yangu.

Jumanne, 6 Februari

Ajok kachomeka mashine. Katalitiki imeziba, kasema — lile sega la kusafisha moshi, ndani ya ekzosi. Iagizwe nyingine. Mzee Fortunato, mwenye gereji, kacheka kwa raha: huyu si fundi, ni daktari! Mimi hajawahi kuniita daktari. Hata mara moja.

Nilikuwa nafunga breki za gari jingine, lakini masikio yalikuwa kwa Premio. Injini ikitulia inajikwaa. Tup, tup — kimya — tup. Koili moja, ile ya kuipa plagi umeme, imechoka. Petroli isiyoungua inateremka kwenye ekzosi, inawakia humo. Hiyo ndiyo inaua katalitiki. Weka mpya bila kugusa koili, nayo itakufa.

Nimejua. Nimenyamaza.

Jumatano, 7 Februari

Ajok na Mzee wameenda kula. Nimefungua plagi ya tatu. Nyeusi, imelowa petroli: koili ya tatu ndiyo mbovu. Nimeirudisha mbio kama mwizi. Acha mashine yake imwambie.

Alhamisi, 8 Februari

Jua la kuchoma utosi. Ajok kaja na chai ya tangawizi, vikombe viwili.

"Dada Valary, hebu skiza hii injini. Mashine inasema katalitiki tu, lakini naona kuna kitu kingine."

Kaniuliza mimi! Neno moja tu lingetosha. Nikamjibu, "Kwani mashine haijui?"

Katazama chini. Kaondoka, kaacha chai. Nimeinywa. Ilikuwa tamu, Mungu anisamehe.

Ijumaa, 9 Februari

Katalitiki imefika kutoka Kampala. Ajok kaifunga mwenyewe. Gari likaruka! Penina kapiga vigelegele, kamkumbatia, grisi na yote. Miaka yote ninamtengenezea gari, mimi nilipewa "asante, Valary" kupitia dirisha.

Halafu nikawasikia. Kesho Penina anapeleka wanakwaya wanne harusini Nimule. Wanne! Mimi sikuambiwa. Nikasema moyoni, nendeni, mtarudi mkivutwa kwa kamba.

Jumamosi, 10 Februari

Saa nne asubuhi simu ya Ajok ililia. Penina, anapiga kelele. Wamepita Nesitu, njia ya Nimule, gari limeishiwa nguvu, chini kunawaka nyekundu kama jiko. Kalisimamisha kando ya barabara, kwenye nyasi.

Nyasi kavu za Februari! Kamba niliiwaza. Moto sikuuwaza kabisa.

Nikampokonya Ajok simu. "Zima! Shukeni wote! Lisukumeni hadi kwenye lami, kisha mkae mbali!" Laini ikakatika. Sijui kama alisikia.

Nimechukua koili rafuni, tumeingia pikapu ya Mzee. Ajok anaendesha huku machozi yanamtoka. Nimekosea wapi, anauliza, nimekosea wapi?

"Hukukosea. Ni koili ya tatu."

Limenitoka tu. Kapunguza mwendo. Kisha kasema polepole, "Wewe hukugusa hilo gari. Umejuaje ni ya tatu?"

Tumefika kwenye kizuizi cha barabarani, Ajok kashuka kuonyesha karatasi. Naandika nikimsubiri. Penina hapatikani. Nimepiga mara sita. Mbele kule kuna moshi. Labda watu wanachoma mashamba. Labda.

Namsikia askari: khalas, imetosha, piteni.

Ajok karudi. Kakaa kwenye usukani, hajawasha gari. Kaniuliza, tangu lini?

Jumanne, nimemwambia. Tangu Jumanne.

Kanitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu. Kisha kawasha gari — weka hilo daftari, kasema, mpigie tena.

Inaita.