Ngozi ya Kulungu Asiyekimbia

Kijito cha Mierezi,
Bonde la Kootenay.
24 Novemba

Mpendwa mdogo wangu Malian,

Salamu zikufikie huko Winnipeg, wewe na hicho kifua chako kinachokusumbua kila baridi ikianza. Je, kimetulia? Na jikoni kwenu hospitalini bado wanakukondesha kwa zamu? Sisi huku tunaamka, tunakula, tunalala. Magoti yangu yananikumbusha umri, na shemeji yako Eneas anakoroma kama kawaida yake. Theluji imeshafunika bati la banda.

Najua unashangaa kwa nini naandika badala ya kupiga simu. Simu ya nyumba hii huishika mwanao Selina, naye amenikataza nisikwambie haya. Nina hofu, Malian. Keti kwanza, ndipo usome.

Selina hajambo, naanza na hilo. Tangu umlete kwangu ile midomo aliyokuwa akinibenulia imekwisha. Alipoomba nimfundishe kutengeneza ngozi nilidhani ni mzaha wa siku mbili, kumbe mtoto ana mkono wa mama yetu. Amekwangua nyama, amekwangua manyoya, ameziwamba ngozi kwenye fremu na kuzisukuma kwa mti mpaka mabega yakamvimba. Hakulalamika, alinitania tu: "Mama Mkubwa, kazi yako wewe ni kunywa chai na kunisimamia?" Alikuwa anashona jaketi. Ni lako, ulivae ukija Krismasi. Ndiyo hivyo, siri nimeshaitoa.

Lilihitaji ngozi tatu. Mbili tulikuwa nazo. Ya tatu, ile ya mgongo, aliileta Eneas mwezi wa kumi.

Alimkuta kulungu dume kando ya mto, amesimama tu. Eneas akasogea, mnyama akamtazama, hakukimbia. Unajua tulivyolelewa: mnyama akisimama hivyo amejitoa, na kumkataa ni kumtukana. Eneas akaweka tumbaku ya sadaka chini, akashukuru, akapiga. Alirudi akitamba, "Huyu kanichagua mimi, siyo kina Baptiste wanaozurura milimani wiki nzima!" Mimi niliona mbavu zimemtokeza mnyama yule, na mate yamegandia kidevuni. Nikasema ni uzee. Nyama tukala.

Ubongo nao tukautumia kulainishia ngozi. Si mama alitufundisha kwamba kila mnyama hubeba ubongo unaotosha ngozi yake? Selina aliukoroga katika ndoo ya maji ya vuguvugu kwa mikono mitupu, akaipaka ngozi, akaikamua, akarudia tena na tena. Kidole gumba kilikuwa na jeraha la kikwangulio. Niliona. Nikamwambia jeraha la kazi hupona kazini.

Wiki iliyopita tukaitwa ukumbini. Alikuja kijana wa idara ya wanyamapori, akasema kuna ugonjwa wa kulungu unaokula ubongo, tuwe tunapeleka vichwa vikapimwe. Eneas akapaza sauti kutoka nyuma: "Na wakipiga chafya je, tuwapelekee leso?" Watu wakaangua kicheko. Kijana akangoja wanyamaze, akaeleza dalili. Mnyama hukonda. Hudondosha mate. Husahau kumwogopa binadamu.

Eneas hakunitazama. Nilimshika mkono, ulikuwa wa baridi.

Nilimfuata kijana yule nje. Alikuwa mpole. Alisema hajulikani mtu yeyote aliyewahi kuupata.

"Hajulikani, au hayupo?" nikamuuliza.

"Hajulikani, bibi."

Alitaka kichwa akapime. Kichwa gani? Tulishakipasua, na mabaki Eneas aliyatundika mtini kama ilivyo desturi, ndege wakayamaliza. Hakuna cha kupima, Malian. Hatutajua kamwe. Tena ugonjwa wenyewe, alisema, hauuliwi na moto wa jikoni wala moshi wa kufukizia ngozi, na kulungu hukaa nao miaka kabla haujaonekana. Nyama iliyobaki tumemkabidhi.

Selina tulimwambia ukweli. Hakulia. Alikwenda kunawa mikono, akanawa, akanawa, mpaka nikaenda kufunga bomba mwenyewe. Kisha akasema, "Usimwambie mama." Tangu hapo nimekuwa mwehu wa kumchungulia. Akitunga shanga, naangalia kama vidole vinatetemeka. Juzi aliangusha kikombe nikapiga ukelele mpaka jirani akaja. "Mama Mkubwa, ni kikombe tu!" Kwake ni kikombe. Mimi usingizi umenihama.

Jaketi nilitaka kulichoma. Nilishafungua mlango wa jiko, nalo li mkononi, Selina akasimama mbele yangu. "Ukilichoma, nichome na mimi. Tumetoka ndoo moja." Haya, wewe ungefanyaje? Mimi nililivaa. Nalivaa kila siku, hata sasa naandika nikiwa nalo, na linanibana makwapani. Kama kuna kitu ndani yake, basi kianze na mimi mzee. Selina aliponiona alicheka, mara ya kwanza tangu ule mkutano: "Umekuwa soseji, Mama Mkubwa!" Nikacheka naye.

Eneas hatambi tena. Bunduki ameifungia kabatini, na akiona kulungu barabarani anageuza gari. Anakusalimu, lakini ameshindwa kuandika hata mstari mmoja. Nisalimie shemeji Bertrand, na mbusu Teo mdogo kwa niaba yetu.

Usingoje Krismasi, Malian, njoo sasa. Ulinikabidhi mtoto, na hofu hii siwezi kuibeba peke yangu. Jaketi Selina atakuvalisha mwenyewe. Kulivaa au kutolivaa nakuachia wewe na moyo wako. Nakuomba jambo moja tu. Ukifika mlangoni, mkumbatie kwanza, usianze kumtazama mikono.

Mungu akufungulie njia, na bibi zetu waliotangulia watembee nawe.

Dada yako, anayekupenda na anayekungoja,

Perpetua