Sukari ya Mti Inayomngoja Dada

Mtaa wa Sogea,
S.L.P. 73,
Tunduma, Songwe.

8 Juni 2025

Mpendwa Dada Gwantwa,

Pokea salamu zangu kutoka mpakani, ambako baridi ya Juni imeanza kutukalisha motoni asubuhi, ingawa najua wewe uliyezoea theluji ya Ufini utaicheka. U hali gani? Shemeji Fanueli anaendeleaje na kazi? Na Enesi, je, meno yake ya mbele yameshaota? Sisi tu wazima kwa rehema za Mungu, isipokuwa Mama. Nimeamua kukuandikia kwa sababu tunapokupigia simu yeye huketi kando yangu na kukuhakikishia kwamba kila kitu ni salama.

Mfuko wa sukari ya mti, hiyo zailitoli ya wenye kisukari, uliompa yule dada wa Mbeya atuletee ulifika. Mama aliunusa kabla ya kuufungua. Nilidhani anaukagua, kumbe alikuwa akitafuta harufu ya nyumba yako. Nilimsomea maelekezo yote: mwenye kisukari aanze na kijiko kidogo, aongeze polepole kadiri tumbo linavyozoea. Aliitikia kwa utii ulionitia shaka.

Unamjua Mama. Jumatano moja ya mwezi uliopita ilikuwa zamu yetu kuwapokea akina mama wa ibada ya nyumba kwa nyumba, na kwetu kitu cha mtoto aliye mbali hakiliwi peke yako. Nilipokuwa sokoni alimimina nusu ya mfuko katika sufuria ya uji, kama tumiminavyo sukari ya dukani, akawatangazia wageni kwamba leo anayewakaribisha ni Gwantwa. Walikusifu, wakaongezwa. Kabla wimbo wa kufunga haujaisha, matumbo yalikuwa yakinguruma kuishinda sauti ya kwanza, na foleni ya chooni kwetu ingeweza kuyatia aibu malori ya kwenda Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Kufikia jioni wote walikuwa wazima, nao walianza kucheka.

Kicheko kilikatika kwa sababu ya mbwa. Mbwa wetu Polisi alipewa mabaki ya ule uji, akaanza kupepesuka, akaanguka, na kesho yake akafa.

Shangazi Roda, ambaye alikuwa amekuja kutoka Ileje kututembelea, alitoa hukumu papo hapo kwamba kilichomuua mbwa hakitamwacha mtu. Nilimpinga kwa hoja. Nilimweleza kwamba sukari hii, ambayo wanakemia huiweka katika kundi la alkoholi za sukari ingawa hailevyi, hainyonywi yote katika utumbo mwembamba. Inayobaki hushuka katika utumbo mpana, huvuta maji, nao bakteria huichachusha na kutoa gesi. Waliharisha kwa wingi wake, si kwa sumu. Mbwa ana maumbile mengine: mwilini mwake sukari hii huamsha insulini ghafla hadi sukari ya damu iporomoke, jambo lisilotokea hivyo kwa binadamu. Na kwa kuwa msomi hafichi kinachompinga, nilikiri kwamba wapo watafiti wanaohoji iwapo matumizi makubwa yanahusiana na kuganda kwa damu, na kwamba swali hilo bado halijafungwa.

Ilikuwa hotuba nzuri. Kwa bahati mbaya niliihitimisha kwa kula vijiko vikubwa vya sukari hiyo, vikavu, mbele ya hadhara, ili nithibitishe kwamba haiui. Haikuniua. Lakini nilipokuwa nikirejea kutoka uani kwa mara nyingine, Shangazi alikuwa amesimama mlangoni na kopo la maji.

"Msomi, digrii umeiacha yote huko, au umebakiza kidogo?"

Nililipokea kopo nikageuza njia, Dada, ingawa hoja yangu ilikuwa imesimama imara kuliko miguu yangu.

Haya yote ningeyasimulia kwa kicheko, kama si kwamba tangu siku ile Mama amerudia sukari ya dukani, tena ile ya kujaza kijiko. Nyayo zake zimeanza kufa ganzi. Daktari amemwonya, nami nimemwonya hadi nimechoka kujisikia. Mfuko wako ameufunga katika kitenge na kuuweka kabatini. Hautupi, wala hautumii. Jana nilimkabili nikamwuliza kama kweli anaamini mwanaye anaweza kumtumia sumu. Alicheka kwanza, kisha akasema taratibu:

"Siogopi sukari yake, baba. Lakini kwetu anayeleta chakula ndiye anayeonja kwanza, mbele ya anayepewa. Mwambie aje aonje."

Nilimwambia kwamba desturi hiyo ni ya wageni, si ya mtoto na mama yake. Akanijibu kwamba mtoto ambaye binti yake anaonekana kwenye kioo cha simu tu, ameshakuwa mgeni.

Bado anaponiita huanza na jina lako, ndipo anajirekebisha. Na mimi, siku ya mahafali yangu, niliwatazama waliokuja na dada zao nikajifanya nasoma ratiba.

Najua kibali, nauli, kazi na shule ya Enesi ni sababu za haki. Ningeweza kukutetea kwazo mbele ya hakimu yeyote. Ila usitume mfuko mwingine, maana utaishia kabatini. Mama anaweza kubishana nasi mwaka mzima. Miguu yake haiwezi.

Kaka Mbonile anakusalimu kutoka Chitete. Shangazi Roda naye anakusalimu, na anasema kinyongo chake ni kwa ajili ya mbwa, si dhidi yako. Msalimu sana Shemeji, na umkumbatie Enesi kwa niaba ya bibi yake.

Leo asubuhi nilimwambia Mama kwamba ninakuandikia. Alikisukuma pembeni kikombe chake cha chai ya sukari bila kuionja, akaniuliza barua ya kwenda Ufini huchukua muda gani.

Mungu akufungulie njia ambayo sisi bado hatuioni.

Mdogo wako, akupendaye kuliko anavyokubali kusema,
Ambilikile