Askari wa Kuingia Nimemwasha

Baba Mutua,

Bado nikikwama kazini nashika simu nikutafute, halafu nakumbuka. Miezi mitatu sasa. Kiti chako hakuna anayekikalia. Mimi mwenyewe nakizunguka nikienda dirishani, kama vile utanigombeza nakuzibia mwanga.

Niko na neno la kukuambia, na uniache nimalize. Ni ile programu tuliyowatengenezea watu wa zahanati ya Kola, inayoomba majibu ya wagonjwa kutoka maabara ya mjini kupitia mtandao. Unakumbuka ulivyonifundisha? Ulinichorea lango nyuma ya bahasha, na askari wawili. "Huyu wa kutoka anatia sahihi, kisha anafunga barua isisomwe njiani. Huyu wa kuingia anaifungua, anakagua sahihi ya waliotujibu. Asiyejulikana haingii." Nilipouliza kama hao askari ni vipande vya programu ama ni nini, ulicheka. "Wewe wapange tu kwenye faili, Mwende. Hawa hawaombi chai."

Ile Ijumaa maabara ilibadilisha cheti chake cha usalama, kile tunachokagulia sahihi yake, askari wa kuingia akaanza kukataa kila jibu, na wagonjwa wa Kola wamejaa kwenye benchi wakingoja. Ukamzima asikague, ukamwachia kufungua barua tu. Hapo hapo kwenye faili ukaandika: "Nimemzima kwa muda. Mwende, usiguse, nitamwasha Jumatatu." Jumapili ukaanguka ukitoka kanisani. Jumatatu sote tulikuwa kwenu, tunapanga mazishi.

Na mimi sikugusa. Haki ya Mungu, niliifungua hiyo faili si mara moja si mbili, nikasoma hayo maneno, nikaifunga. Si uliniambia nisiguse? Na yalikuwa maneno yako ya mwisho kwangu. Niliona nikiyafuta nitakuwa nimekuzika mara ya pili. Nilijiambia hiyo ni heshima. Ilikuwa ujinga, Baba Mutua, ujinga mtupu.

Wiki jana watu wa maabara walikosea anwani, maswali yetu yakaenda kwa seva yao ya majaribio, yenye wagonjwa wa kubuni waliopewa namba kama za wetu. Ikajibu. Majibu hayakuwa na sahihi yoyote, lakini langoni hapakuwa na wa kuuliza. Muuguzi Ndunge akanipigia akicheka mpaka anakohoa: "Mwende, mashine yako inasema huyu mzee wa miaka sabini ana mimba!" Aiya, tulicheka! Halafu akasema polepole kwamba kabla ya huyo mzee walikuwa wamepokea kundi la damu la mama mmoja anayekaribia kujifungua, na jibu lilionekana sawa kabisa.

Walimpima upya, na kundi halikuwa lile. Namshukuru Mungu walikuwa hawajamwekea damu.

Alasiri hiyo nilifuta maneno yako. Nililia, sitakuficha, kisha nikafanya kazi. Nikaweka cheti kipya cha maabara, nikamwasha askari wa kuingia. Akakataa kila kitu! Kumbe nilikuwa nimempanga akague sahihi kabla ya kuifungua barua. Nikakumbuka ulivyokuwa ukigonga meza: "Kilichofungwa mwisho kifunguliwe kwanza, Mwende!" Nikageuza mpangilio, majibu ya kweli yakapita. Nikamtumia jibu la uongo makusudi, akalitupa nje. Nikapiga makofi peke yangu ofisini kama mwendawazimu.

Lakini daktari wa Kola alitaka kujua ni nani aliacha lango wazi. Ningesema maabara walikosea anwani, na ni kweli, na jina lako lingebaki safi. Nilienda kwanza kwa Mama Mutua, nikamweleza yote, nikamwomba ruhusa. Alinisikiza akichagua ndengu, hakuinua macho. Mwishowe akasema, "Huyo hata lango la ng'ombe alikuwa anasahau. Enda useme. Lakini useme pia alitaka kurudi Jumatatu."

Nikasema. Kwamba wewe ulimzima askari kwa siku tatu, na mimi nikamwacha hivyo miezi mitatu. Daktari hakufoka. Aliuliza tu kama sasa anaweza kuyaamini majibu ya yule mama. Nikasema ndiyo, na nikamwonyesha kwa nini. Mtoto amezaliwa jana, msichana, wote wazima.

Nimekukosa sana. Hasira nayo niko nayo kidogo, kwako na kwangu, lakini inaisha.

Pumzika sasa, Baba Mutua, kazi ya Kola iko mikononi mwangu. Na ninakuahidi hivi: nikizima kitu chochote, hata kwa saa moja, nitamtafuta mtu nimwambie kwa mdomo wangu, na nimwambie akiguse nisiporudi.

Mwende wako