Siku Jumbe Aliposaga Uwele

Jumatatu, 5 Februari 1912

Chiwanga, mwanangu, acha upumbavu. Nimekwambia asubuhi, nimekwambia jioni, sasa naandika ili ulimi wangu upumzike. Shuka ni shuka. Mkeo ataivaa siku moja tu ya ngoma, hataila. Tangu Wajerumani wa boma wakufanye jumbe wa Makole unaitunza shuka hiyo mpya kama bibi harusi.

Ng'ombe wanakufa. Zizi la jirani limebaki na ndama na kinyesi. Kwetu amebaki Kidoa peke yake mwenye maziwa, na leo masikio yake yamelala. Tezi za shingo zimevimba. Hacheui.

Mbeho, mjukuu wangu, anakunywa maziwa ya Kidoa. Binti yangu alimzaa akafa, hata hakumnyonyesha. Kidoa akianguka, mtoto anamfuata. Hilo ndilo jambo. Mengine yote ni kelele.

Mganga ametazama. Amesema nilichokuwa nakijua mwezi mzima: wanawake watoke.

Jumanne, 6 Februari

Kutwa nzima nawafundisha wake wapya. Hawajui lolote. Wanajua kusuka nywele.

Nimewaambia hivi. Zizi ni la wanaume, kwa hiyo likiharibika wameliharibu wao. Wanawake ndio wa kulisafisha. Tunavaa nguo za waume zetu, tunashika mikuki yao, tunatembea kama wao, tunajisifu kama wao. Tunacheza ngoma toka kijijini mpaka bwawani, upande wa machweo, na huko tunautupa ugonjwa majini. Na wanaume siku hiyo ni wanawake. Wanasaga, wanachota maji, wanabeba watoto. Mwanaume akijiita mwanaume kabla hatujarudi, ugonjwa unarudi nyumbani kabla yetu.

Mke mpya mmoja akauliza, je tukicheka? Nikamwambia ole wake asiyecheka. Ugonjwa hauondoki kwa nyuso za msibani.

Mwalimu wa misheni amekuja. Ndiye aliyenifundisha herufi, nimeketi na watoto magoti yakiniuma, kwa hiyo namheshimu. Kasema, "Bibi, hayo ni mambo ya gizani." Nikamuuliza ana ng'ombe wangapi. Hana hata mmoja. Akaaga.

Jumatano, 7 Februari

Mchana ndevu. Tumezitengeneza kwa mkia wa mbuzi na nta. Nyemo, jirani yangu, amejitia kitambi cha majani chini ya shuka, kakaa kwenye kigoda cha mumewe, kaagiza pombe, kakohoa, kalalamika kwamba mlenda una chumvi. Mumewe alikuwa palepale mlangoni. Hakucheka. Sisi tulilia kwa kucheka.

Wanaume wananung'unika. Mmoja kauliza jiwe la kusagia linashikwaje. Miaka arobaini anakula ugali.

Chiwanga katoa shuka. Ile kuukuu, yenye tundu matakoni. Sechelela mkewe ameipokea kimya, na kimya chake sikipendi. Mke wa jumbe kucheza mbele ya watu na tundu. Nimemwambia mwanangu ni bahili. Kasema, "Mama, boma wakiniita ghafla niende na nini?"

Boma, boma. Kidoa amekamuliwa nusu kibuyu.

Alhamisi, 8 Februari

Nina hasira. Naandika hivyohivyo.

Tulitoka jua likiwa changa. Wanawake wote, hata wenye mimba. Mimi nilivaa shuka ya marehemu mume wangu, nikashika mkuki wake, nikatangulia. Nyemo na kitambi chake alitembea akigawa amri kwa kila mti. Vumbi. Ngoma. Nimecheza magoti yakasahau umri. Nyuma yetu kijiji kimya, ila mawe ya kusagia, kraa, kraa, ovyo kabisa, unga wao ule utakuwa changarawe.

Ndipo nikamwona Sechelela. Shuka ya tundu, ndiyo. Na kichwani kofia ya ujumbe. Ile nyekundu ya boma. Ameichukua kwenye kigingi mumewe akiwa kisimani. Nikamuuliza hiyo nini. "Ni nguo ya mume wangu, Mama. Si ulisema nguo za waume?"

Maneno yalikuwa yangu mwenyewe. Kurudi nyuma hakuruhusiwi. Tukaendelea.

Bwawa liko ng'ambo ya reli. Zamani hapakuwa na reli. Tumefika pale, ombasha na askari wake wanalinda njia, gari moshi linatarajiwa. Wameona nini? Kundi limetoka vichakani na mikuki, ndevu, linaimba, na ndani yake kofia ya serikali. Wakalenga bunduki. Ombasha ni mtu wa mbali, hajui ngoma zetu wala hataki. "Jumbe wenu yuko wapi?"

Nyemo kajibu, "Anasaga."

Ilikuwa kweli. Lakini kuna kweli za kusema na kuna za kumeza.

Wametunyang'anya mikuki. Ule wa marehemu pia. Kofia wameichukua. Askari wametukalisha juani, ombasha akaenda kijijini. Yaliyotokea huko nimeyapata kwa mzee wa nyumba ya pili, alichungulia mlangoni.

Ombasha kamkuta Chiwanga kwa magoti, kwenye jiwe, amefunga kaniki ya Sechelela, unga mpaka kwenye nyusi, Mbeho amembeba mgongoni. Kauliza, "Jumbe yuko wapi?" Na mwanangu, huyu anayetetemeka boma likitajwa, kainamisha macho chini kama mke mwema, kajibu kwa sauti nyembamba:

"Mume wangu ametoka, bwana. Karibu uketi, umngoje."

Ombasha kaona anachezewa. Kampiga kofi. Kamuuliza mara ya pili, kapewa jibu lile lile. Mzee anasema hata baada ya kofi la tatu hakujiita mwanaume. Alimshusha mtoto polepole, kamkabidhi jirani, kafungwa kamba akiwa na kaniki, kapelekwa boma.

Angesema neno moja tu. Mimi ndiye jumbe. Hakusema.

Sijui nimchape au nimbusu.

Nasi tumerudishwa. Bwawa tuliliona kwa macho. Hatukufika.

Ijumaa, 9 Februari

Wanawake wanagombana. Wote wanamlaumu Sechelela. Nyemo anapiga kelele kuliko wote, yeye mwenye "anasaga". Nimewafokea wote wawili. Kisha nimemfokea Sechelela peke yake, ndani. Amelia, kasema, "Nilitaka wanione mke wa mtu." Nikamwambia ungeziba tundu kwa kiraka. Nikampa maziwa yaliyobaki ampe mtoto.

Sijavua shuka ya marehemu. Kazi haijaisha, nguo haivuliwi. Nimelala nayo. Ina harufu ya moshi wa tumbaku yake bado, au nadhani tu.

Kidoa amesimama. Hali kitu.

Jumamosi, 10 Februari

Nimekwenda boma. Kwa miguu, na ndevu zangu. Watoto wa stesheni wamenifuata wakipiga makofi. Niliwaacha wafurahi.

Karani wa mlangoni, kijana wa pwani, kanzu safi, kanitazama juu mpaka chini. "Bibi, wewe ni mzee au bikizee?"

"Leo ni babu yako. Niamkie."

Kaniamkia. Shikamoo. Kidogo nilimpenda. Ndiye aliyenifasiria kwa bwana mkubwa, na nadhani alinifasiria vizuri, maana alitumia mikono mingi.

Nimemwambia bwana mkubwa hakuna vita. Kuna ng'ombe wagonjwa. Nimemwambia ugonjwa tunautupa bwawani, reli ameiweka yeye njiani, sikumwomba. Karani sijui kama alifasiri hilo. Kisha nimemwambia mwanangu hakuwatukana. Mwanangu alitii. Mnataka jumbe mtiifu, basi huyo hapo, ametii mpaka akavimba.

Bwana mkubwa alicheka. Alicheka sana, akafuta macho. Nikadhani mambo yamekwisha. Akaacha kucheka kama mtu anayefunga mlango. Karani kafasiri: viboko hamsa ishirini amekwisha kula, jana asubuhi. Kofia harudishiwi, serikali haivaliwi na wanawake. Ngoma ruksa. Chuma marufuku. Gari moshi likija, mnakaa kando.

Mkuki wa marehemu sikupewa.

Wamemtoa Chiwanga. Kaniki ya mkewe imegandamana mgongoni kwa damu. Hakuweza kukaa, hakuweza kunyooka. Kaniona na ndevu, kauliza kwa sauti ndogo, "Mmefika?"

Nikasema hatukufika.

Hapo ndipo alipolia. Kiboko hakikumliza, hili limemliza. Njia nzima sikumsema.

Jumapili, 11 Februari

Sikwenda kanisani. Mavazi hayaruhusu.

Wanaume wamekuja kumwona Chiwanga. Wamekaa kama wagonjwa ni wao. Yule wa miaka arobaini ya ugali ameleta unga aliousaga mwenyewe. Kweli changarawe. Tumeupika, tumekula.

Jumbe mwingine watamteua wakitaka. Mwanangu anasema hajali. Uongo. Kigingi kitupu anakiangalia.

Jumatatu, 12 Februari

Kidoa hai. Miguu imepanuka, kichwa chini, lakini hai. Amenipa maziwa kiasi cha kiganja. Mbeho ameyamaliza, kisha akanyonya kidole changu, akalala.

Jioni Chiwanga ameamka kitandani mwenyewe. Kukaa hawezi bado. Kusaga ni kwa magoti, kwa hiyo hilo anaweza. Amefunga kaniki ya mkewe, ile ile, Sechelela ameifua na doa halikutoka. Ameanza kusaga bila kuambiwa. Nimesimama mlangoni nikisikiliza. Mkono wake umekuwa mwepesi. Jiwe halikwaruzi tena, linaimba.

Nimewaza kumwambia kwamba nimeona alichotufanyia. Nimemwambia tu asimwage unga.

Sasa basi. Kesho jua likichomoza tunaanza tena, toka mwanzo, zizini. Mikuki hatuna, kila mwanamke achukue mwiko wake. Sechelela atangulie pamoja nami, kichwa wazi, asiiname. Nyemo akiulizwa neno na askari, afunge mdomo, nitajibu mimi. Kwenye reli tusimame, tusikilize, tuvuke. Na asirudi mtu kabla ya kukanyaga maji.