Waliompima Mutiso Wakanyamaza

Mumbuni, Machakos
4 Machi 2002

Mwanangu Rodgers,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, ila mvua imetunyima na mbuzi wanakula hata makaratasi. Wewe je, kifua kimepona?

Wiki jana wale wa utafiti wa moyo, watu wa ofisi yenu, walifika hapa. Walimfunga baba yako mkanda wa presha mara tatu, wakatazamana, wakaandika, wakampa sabuni na kwenda zao. Sasa ameacha dawa zake za presha. Anasema, "Madaktari wa Nairobi wamenipima. Kama niko na shida wangeniambia." Mimi roho haijatulia. Presha yake ilikuwa ngapi? Nijibu upesi.

Mama yako

Nairobi
9 Aprili 2002

Mwaitu mpendwa,

Natumaini nyote ni wazima. Mimi ni mzima. Samahani nimechelewa, tulikuwa Masinga tukipima watu.

Mama, namba hizo ni za utafiti, si za matibabu. Sheria haituruhusu kumwambia mtu namba yake, na majina huondolewa. Lakini baba asiache dawa. Aende hospitali akapimwe.

Mwanao, Rodgers

Mumbuni
14 Aprili 2002

Rodgers,

Sisi si wazima. Barua yako imefika Ijumaa, na baba yako alianguka Jumatano. Mdomo umepinda, mkono wa kulia unaning'inia tu. Daktari wa zamu amenifokea: ni nani alimwambia aache dawa? Hakuna aliyemwambia lolote.

Hata ng'ombe wa ranchi za Konza akipimwa, mwenyewe anaambiwa kama ni mgonjwa. Baba yako mlimwona mgonjwa mkampa sabuni! Nina hasira, Rodgers, na sitaki kusikia tena habari za sheria. Nenda kwa wakubwa wako uwaambie.

Mama yako

Nairobi
2 Mei 2002

Mwaitu mpendwa,

Pole sana, mwambie baba pole. Nimesema na mkubwa wangu. Amesikitika, lakini matibabu hayamo kwenye mradi. Nikiendelea kumsumbua nitapoteza kazi. Tafadhali nielewe.

Mwanao, Rodgers

Mumbuni
18 Novemba 2002

Rodgers,

Tuko hai. Wenzako walirudi juzi kwa awamu ya pili, na uani kulijaa majirani. Msichana mmoja, Nzisa, alimfunga baba yako mkono wa kushoto, ule mzima, akaandika. Kisha baba yako akamshika kiganja. Unajua maneno sasa yanamtoka kwa shida. Alisema moja tu: "Ngapi?"

Msichana akasema haruhusiwi. Hakumwachilia. "Ngapi?"

Machozi yakamtoka yule mtoto wa watu, akasema watu wote wakisikia, "Mia moja themanini na tano juu ya mia moja na kumi, mzee. Iko juu sana. Uende hospitali leo."

Jirani yetu Nthambi akarudisha mkono wake kwenye leso. Akasema, "Hapa hakuna mtu anapimwa kama haambiwi yake." Wote wakashikilia hivyo hivyo, na Nzisa akamwambia kila mmoja namba yake. Watatu wamelazwa.

Leo tumesikia kwa Nzisa mwenyewe kwamba amefutwa kazi. Kwao ni Masinga, na anaona haya kurudi mikono mitupu. Nimemwambia akae hapa mpaka apate kazi nyingine. Nimempa chumba chako.

Ngina, mke wa Mutiso