Stima Ilipopotea, Tukaongea

Kamenu, Thika. Alhamisi, Julai.

Baridi ya leo ni ya kuvaa sweta hata jikoni. Manyunyu tangu asubuhi, na roho yangu ilikuwa nzito kabisa.

Jumamosi wakwe wanakuja kwa ruracio ya msichana wangu Njeri, kuleta mahari. Mbuzi yuko. Shida ni nani atamchinja.

Kwa hii ploti, sherehe iwe ya nani, anayechinja ni Baba Zaituni, jirani yangu Mwislamu, ndio sote tule sufuria moja. Hata Krismasi ni yeye. Lakini tangu Pasaka kumeingia hizi kaseti za mahubiri. Mimi nilinunua ya mhubiri wetu, Mama Zaituni, mkewe, akanunua ya mhubiri wao. Ukuta wetu ni mbao. Akiongeza sauti, naongeza. Salamu zikaisha. Juzi kina mama wa kanisa wakaniambia nitafute Mkristo achinje.

Nikakubali, aki. Na Njeri alibebwa mgongoni na huyo huyo Mama Zaituni nilipolazwa hospitali! Sasa mama huyo asile kwa ruracio ya Njeri?

Mchana stima ikapotea. Redio zote mbili zikanyamaza. Nikamsikia Mama Zaituni akikohoa, kile kikohozi chake cha kila Julai.

Nikabeba thermos ya chai ya tangawizi, nikapiga hodi. Niliogopa.

"Karibu, Mama Njeri," akasema, kana kwamba tulionana jana.

Nikamuuliza bila kuzunguka: ni kweli nyinyi mnasema sisi wote ni wa motoni?

"Mimi nimekuambia hivyo lini?"

"Si wewe. Ni yule wa kaseti."

"Yule humjui, na hata mimi simjui. Na wako ati anasema chakula chetu ni cha mashetani. Wewe umekula kwangu miaka mingapi?"

Haiya! Nilicheka mpaka nikalia, na kulia kukazidi kucheka.

Mambo ya dini hatukuelewana, na sidhani tutaelewana. Lakini nimempenda upya huyu mama. Ameniambia Baba Zaituni alishanoa kisu, anangoja tu kuitwa. Nimemwita.

Sasa stima imerudi na redio yangu iko kimya. Kaseti ya mhubiri ilivunjwa vile vipande vya juu ili mtu asirekodi juu yake. Nimeziba vishimo kwa karatasi, sasa itakubali kurekodi.

Mhubiri anisamehe. Jumamosi, hapo juu ya sauti yake, nataka kumrekodi Mama Zaituni akimpigia Njeri vigelegele.