Nilivyopotea Ndani ya Shamba Letu

Karatu, Jumatano, tarehe tisa Julai. Huu ni mwaka wa thelathini na nane tangu niondoke. Ukungu umeshuka kutoka msitu wa Ngorongoro tangu alfajiri, na hadi saa nane hii ya mchana haujaondoka. Naandika nikiwa barazani pa nyumba ya wageni, koti limefungwa hadi shingoni, na magari ya watalii yanapita kuelekea geti la kreta yakiwa yamewasha taa.

Nina furaha ambayo bado siiamini sana. Niiandike kabla haijapoa.

Kwa wasiojua: mimi ni Mwiraqw wa Endabash, na kazi yangu ni kuigiza katika tamthilia za televisheni jijini Nairobi. Nilivuka Namanga nikiwa na miaka ishirini na sita, nikitafuta kazi yoyote. Nilianza na kikundi kilichozunguka mashuleni kuigiza vitabu vya mtihani, kisha televisheni ikanichukua. Walionisikia nikizungumza waliamua kwamba mimi ni mtu wa pwani. Kiswahili changu nilifundishwa na mwalimu kutoka Singida, kwa fimbo, na tukifika nyumbani tulirudi kwenye Kiiraqw. Lakini sikubisha. Mgeni anayetafuta kazi habishi. Nilivishwa kanzu na kofia, nikawa Mzee Badi, babu wa Lamu anayesuluhisha ugomvi wa wanawe, kwa miaka kumi na moja. Mimi, Mkatoliki wa milimani nisiyejua kuogelea.

Mwezi uliopita waandishi wa tamthilia walimuua Mzee Badi. Ugonjwa wa moyo. Nililala kwenye jeneza siku nzima kwa sababu mwongozaji hakuridhika na mwanga.

Wiki hiyohiyo dada yangu Paskalina alipiga simu. Kamati ya ardhi ya kijiji inapima mashamba ya kitongoji chetu, kila shamba litapewa hati ya kimila, na kila hati inataka jina. Kwetu mtoto wa mwisho wa kiume ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi na shamba linaloizunguka. Mtoto huyo ni mimi. Nilipoondoka, Paskalina, aliyekuwa amefiwa na mumewe mapema, alirudi nyumbani akashika jembe. Hajaliacha mpaka leo.

"Njoo uandikwe," aliniambia. "Wakifika na mwenyewe hayupo, watoto wa kaka zetu watasema shamba halina mtu."

"Si upo wewe?"

"Mimi ni mlinzi tu, Boay."

Niungame hapa. Kila Krismasi, kwa simu, Paskalina aliniuliza ninarudi lini, na kila Krismasi nilijibu, mwakani. Sikuwa namdanganya yeye peke yake. Kuna jambo lingine ambalo sijawahi kumwambia mtu. Kila mwongozaji aliponitaka nilie mbele ya kamera, nililifikiria shamba lile. Nilifumba macho nikalizunguka kwa mawazo, kona hadi kona, mbaazi, mawe, minyaa ya mpakani mmoja baada ya mwingine, na machozi yakaja. Wenzangu waliniuliza siri yangu. Niliwaambia ni mazoezi.

Nilitegemea sana shamba hilo liwe mbali.

Asubuhi ya leo tulikutana pale. Alikuwepo mwenyekiti wa kamati, mama mmoja mnene mwenye sauti ya utulivu, kijana wa wilayani mwenye kishikwambi cha kupimia, na majirani wa pande zote tatu. Upande wa nne ni barabara. Mwenyekiti aliponiona alinipa mkono, akanitazama usoni.

"Karibu, marehemu," alisema. "Tulikulilia nyumbani kwangu mbele ya televisheni mpaka chai ikapoa."

Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Nilidhani nimepokelewa na kazi imekwisha.

Kisha akaeleza utaratibu, kwa ajili ya yule kijana wa wilayani. Hapa kwetu anayedai shamba ndiye anayetangulia. Anaukanyaga mpaka kwa miguu yake, haulizi kitu. Majirani wanafuata nyuma na hawasemi neno. Anayeona amedhulumiwa hagombi; anasimama tu pale ulipovukwa mpaka wake, wengine wanaendelea. Mwishoni watu wanarudi kwa kila aliyesimama.

"Haya, baba," mwenyekiti akaniambia. "Tuongoze."

Nikaongoza. Nilitembea kama mtu anayetazamwa, kwa sababu ndivyo nijuavyo kutembea: kifua mbele, hatua za polepole. Kona ya kwanza sawa. Kona ya pili sawa, jiwe la kunolea panga lilikuwa palepale. Nikashuka kuelekea korongo nikitafuta minyaa, nikaiona, mstari mzuri wa kijani, nikaufuata hadi chini, nikakata kulia kupita kwenye mbaazi zilizostawi vizuri, nikajisemea kwamba Paskalina ni mkulima hodari. Nilizunguka lote hivyo, mpaka barabarani. Nilipogeuka, watu waliokuwa nyuma yangu walikuwa wamepungua.

Mzee Qwaray, jirani wa upande wa korongo, alikuwa amesimama kule chini katikati ya mbaazi, mikono nyuma, kofia ya sufu kichwani. Hakukasirika. Hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Tulirudi kwake sote.

"Mzee Badi," alisema, "hapa si kwenu. Hapa ni kwangu. Umetoka Nairobi na ukame wenu huko, umeona mbaazi za watu ukazipenda?"

"Minyaa ile nimeipanda na baba," nikasema.

"Minyaa ile nimeipanda mimi, ndani ya shamba langu, baada ya mvua kubwa kulipeleka korongo upande wenu. Ya baba yako ilikwenda na maji. Wewe ulikuwa wapi?"

Hakuuliza kwa ubaya. Alitaka kujua kweli kama ningeweza kuikumbuka mvua hiyo. Sikuikumbuka. Mwaka huo huenda nilikuwa jukwaani katika shule fulani.

Sikujua pa kuweka mikono yangu. Nimesahau maneno mbele ya kamera mara nyingi, na siku zote kuna mtu pembeni wa kunikumbusha. Leo pembeni hapakuwa na mtu huyo.

Ndipo Paskalina akasogea mbele na fimbo yake. Ana miaka sabini na mbili na goti lake la kushoto halikunji.

"Nifuateni," alisema.

Alituongoza upya kuanzia barabarani. Hakutafuta kitu kwa macho, alikwenda tu. "Hapa ndipo tulipomzika ng'ombe aliyekufa kwa ugonjwa wa ndigana," alisema. "Hapa korongo lilivunja ukingo, mimi na Qwaray tukabeba mawe siku nne, yeye akiwa bado ana nguvu. Hapa nilipanda matete ili udongo usiende tena." Kila alipotaja jambo Qwaray aliitikia kwa kichwa. Tulipomaliza hakuna aliyekuwa amesimama nyuma. Kijana wa wilayani akasema ramani imefunga, mistari yote imekutana.

Akafungua fomu, akauliza, "Niandike jina la nani?"

Watu wakanitazama.

"Andika Boay," Paskalina akasema.

"Andika Paskalina," nikasema.

Mwenyekiti akaweka kalamu chini. "Mnachezea muda wa serikali nyie. Baba, wewe ndiye mwenye haki. Ukisema ni lako, ni lako. Ukisema ni la dada yako, useme mbele ya hawa, ili watoto wa kaka zenu wasije kumsumbua ukishaondoka."

Paskalina alinishika mkono wa koti. "Usiseme hivyo. Nikiandikwa mimi, wewe utazikwa wapi?"

Kumbe ndicho alichokuwa akikilinda. Miaka yote hii nilidhani ananitunzia mahindi na mbaazi, kumbe alikuwa ananitunzia kipande kidogo sana, cha mtu mmoja kulala.

"Nitazikwa Nairobi, dada. Alipolala mama watoto."

Mke wangu ana miaka sita kaburini, na Paskalina alikuja kwenye mazishi yale kwa basi, siku nzima njiani.

"Kwa hiyo mwakani hakuna," alisema.

"Hakuna. Nilipaswa kukwambia zamani."

"Nilijua zamani. Nilingoja uwe mwanamume useme." Akamgeukia kijana. "Andika Paskalina. Na uandike vizuri, siyo kwa hayo maandishi ya daktari."

Aliweka dole gumba. Mimi, Qwaray na wale majirani wawili tukatia saini za ushahidi. Baadaye Qwaray alinivuta kando akaniambia niende na kilo mbili za mbaazi, kwa kuwa nimeonyesha wazi kwamba nazitamani.

Sasa nimekaa hapa na mfuko wa mbaazi, najiuliza nitalia kwa kitu gani mwongozaji akinitaka nilie. Shamba nililolililia miaka yote lilikuwa na kona isiyo yake. Lile la kweli lina mwenyewe, na jina lake limeandikwa. Sioni sababu ya kulilia.

Jumatatu naanza tamthilia mpya. Ni mtu wa Karatu, fundi wa kushona aliyehamia Nairobi. Hana kanzu wala bahari. Mwandishi, binti mdogo kuliko mwanangu, aliniuliza kwa simu mtu wa namna hiyo huongea vipi. Nilimwambia huongea kama mimi. Akaomba niongee kidogo ili aandike. Nikiwa na miaka sitini na nne, ndiyo mara ya kwanza mtu wa kamera kunitaka nilivyo.

Nitakuja kumtembelea dada wakati wa mavuno, nami nitabisha hodi kama wageni wengine. Kurudi, sitarudi.